Sultan Barghash: Maji ya bomba Zanzibar, pesa kutoka mabegani mwa wapagazi

Ushawahi kujiuliza nani alilipia maji ya bomba ya kwanza mjini Zanzibar? Jibu lina ukoo na huku Usukuma, na linaanza na mfalme aliyewahi kufukuzwa kwao.

Seyyid Barghash bin Said alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837, mtoto wa Sultan Said bin Sultan na suria wa Kihabeshi. Baba alipofariki 1856, kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid. Barghash hakukubali. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua, dada yake Salme akimsaidia kuandika barua za siri. Wanamaji wa Uingereza wakamsaidia Majid, mpango ukafa. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, India.

Adhabu ile ikageuka shule. Mwaka 1860 Bombay ilikamilisha mradi wa bwawa la Vihar, maji yakaletwa mjini kwa mabomba. Kijana aliyetoka kwenye mji wa visima akaona jiji kubwa likipangwa: maji, barabara, majengo ya umma.

Visima vya Zanzibar havikuwa jambo la mzaha. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu. Oktoba 1870 Majid akafariki, na Barghash, aliyekuwa amesharudi nyumbani, akakabidhiwa mji uliokuwa bado unazika watu wake.

Mambo yakazidi kuharibika. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha majahazi. Juni 1873, chini ya shinikizo la Uingereza, akasaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, soko la watumwa likafungwa. Pato la karafuu chini, pato la watumwa chini. Sasa pesa ya kujenga mji itoke wapi?

Ikatoka forodhani. Na hapa lazima tuelewe mfumo ulivyokuwa, maana haukufanana na bajeti ya halmashauri unayoijua wewe. Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe, aliukodisha. Mfanyabiashara alimlipa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, kisha yeye akakusanya bandarini na kubaki na ziada. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya nyumba ya Jairam Shivji, na 1876 ikaenda kwa Taria Topan. Baraza la madiwani halikuwepo, wala zabuni, wala mkaguzi. Mfuko wa mji na mfuko wa Sultani ulikuwa mmoja.

Tena hakuwa huru kupandisha kodi anavyotaka. Mikataba ya zamani na Marekani (1833), Uingereza (1839) na Ufaransa (1844) ilibana ushuru wa bidhaa za wageni kwenye asilimia 5. Kwa hiyo bidhaa zilizotoka bara zilikuwa na uzito mkubwa kwake, na kubwa kati ya hizo ni pembe za ndovu.

Nani alizibeba? Wanyamwezi na Wasukuma. Walitoka bara kupitia Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu, miezi kadhaa njiani, na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, begani. Pembe zikivuka bahari kufika Zanzibar, ushuru unalipwa. Kwa maana hiyo, babu wa mtu wa Zagayu au Bariadi aliyewahi kuwa mpagazi alichangia maji ya mji ambao huenda hakuukanyaga, na hakuna aliyemuuliza.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maana kweli. Maji ya chemchemi ya Chem Chem, kaskazini mwa mji, yaliletwa mpaka mitaani na watu wakachota bure. Barghash alinunua pia meli za mvuke zilizoleta chakula na kubeba mahujaji, akajenga bafu la umma la Hamamni, na 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib.

Lakini mfuko huohuo ulijenga kasri la Marhubi kwa ajili ya masuria wake, na mashamba ya karafuu yaliendelea kulimwa na watumwa. Bomba na kasri viliamuliwa na mtu yuleyule. Wenye bahati ni kwamba safari hii alipenda maji.

Linganisha na Simiyu ya leo. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria unagharamiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, benki ya Ujerumani ya KfW na Serikali ya Tanzania. Kuna mikataba, upembuzi yakinifu, ripoti na wakandarasi. Unachosha, ndiyo, ila mwananchi ana mahali pa kuuliza pesa imefika wapi.

Kuhusu Ujerumani, Barghash angeshangaa. Ni Wajerumani walioanza kumnyang'anya bara mwaka 1885. Mwaka uliofuata Ujerumani na Uingereza wakakubaliana kwamba cha kwake kwenye pwani hii ni ukanda wa maili 10 tu, pamoja na visiwa. Barabara za pembe zikawa mikononi mwa wengine.

Alifariki Machi 1888, akiwa na miaka kama 51. Miaka mitatu baadaye, chini ya mdogo wake Ali bin Said, Waingereza walitenganisha hazina ya serikali na mfuko wa mfalme. Sultani akapangiwa posho maalumu. Kuanzia hapo, akitaka kutandika bomba jipya, ilimbidi aombe.