John Kennedy na ugonjwa uliokanwa kwa jina lake

Picha za kampeni ya mwaka 1960 zinamwonyesha John Fitzgerald Kennedy akiwa na nywele tele, tabasamu pana na ngozi iliyoiva kama ya mtu anayeshinda baharini. Wapiga kura wa Marekani waliiona rangi hiyo kuwa ni afya. Kwa wachache waliojua siri ya mgombea huyo, ingeweza pia kuwa dalili. Ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida ni mojawapo ya alama za ugonjwa wa Addison, ambao huziharibu tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi hizo zikishindwa kutoa homoni zake, mtu huishiwa nguvu, hukonda, shinikizo la damu hushuka, na hata maambukizi yanayoonekana madogo huweza kumwua.

Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, Massachusetts, katika nyumba ya tajiri mwenye watoto tisa. Utoto na ujana wake ulipita akiingia na kutoka hospitalini, mara nyingi kwa ajili ya tumbo, na madaktari hawakuafikiana juu ya sababu. Hata hivyo alijiunga na jeshi la majini, na mwaka 1943 chombo chake kilipogongwa na manowari ya Japani karibu na Visiwa vya Solomon, aliogelea saa kadhaa akimvuta baharia aliyeungua.

Ugonjwa ulipata jina mwaka 1947. Akiwa mbunge kijana ziarani Uingereza, Kennedy alizidiwa, na daktari wa London akatambua kuwa ni Addison. Daktari huyo alimwambia rafiki wa mgonjwa kwamba kijana huyo hangefikisha mwaka. Akirudi kwao kwa meli alipewa sakramenti ya wanaokaribia kufa. Kilichomwokoa ni tiba mpya ya homoni: kwanza vidonge vilivyopandikizwa chini ya ngozi, kisha kotisoni. Angalikuwa ameugua miaka 20 kabla ya hapo, pengine historia isingalimtaja.

Oktoba 1954 alifanyiwa upasuaji wa mgongo mjini New York, na kwa mtu mwenye hali yake huo ulikuwa mchezo wa kufa na kupona. Maambukizi yaliingia, akapoteza fahamu, na padri akaitwa tena. Mwaka uliofuata, jarida moja la upasuaji lilieleza jinsi mwanamume wa miaka 37 mwenye ugonjwa wa Addison alivyopasuliwa akapona. Jina halikutajwa. Mtu aliyesoma magazeti ya siku zile angeweza kulikisia bila taabu, lakini wanasiasa hawakuwa na desturi ya kusoma majarida ya madaktari.

Siri iliponea chupuchupu Julai 1960, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, pale wafuasi wa mpinzani wake Lyndon Johnson walipoutangaza ugonjwa huo hadharani. Jibu la upande wa Kennedy lilikuwa la kisheria zaidi kuliko la kitabibu. Thomas Addison alipoueleza ugonjwa huo mwaka 1855, wengi wa wagonjwa wa enzi hizo walikuwa wameharibiwa tezi na kifua kikuu. Basi Robert Kennedy, ndugu wa mgombea, alisema kaka yake hana ugonjwa huo kwa maana yake ya asili, yaani ule wa kifua kikuu. Kweli, kifua kikuu hakuwa nacho. Tezi zilikuwa zimekufa hata hivyo.

Mwezi huohuo Tom Mboya wa Kenya alimtembelea Kennedy huko Hyannis Port kuomba msaada wa nauli za wanafunzi, na mfuko wa familia ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri kwa ndege za mwaka huo alikuwa Wangari Maathai. Mwenyeji wa Mboya, aliyeonekana kuwa na nguvu zote, alikuwa akiishi kwa dawa za kila siku.

Aliuawa kwa risasi mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, akiwa na miaka 46. Mmoja wa madaktari waliokuwapo wakati wa uchunguzi wa maiti alieleza mwaka 1992 kwamba tezi za juu ya figo hazikuonekana.

Sababu yake bado inajadiliwa. Mwanahistoria Robert Dallek, aliyeruhusiwa kuyasoma majalada ya tiba mwaka 2002, alidhani dawa za ujanani ndizo zilizoziharibu. Mwaka 2009, Lee Mandel, daktari wa jeshi la majini, alitoa hoja yenye uzito zaidi. Kennedy aligundulika mwaka 1955 kuwa na upungufu wa homoni za tezi ya shingoni pia. Tezi mbili za mahali mbalimbali zikidhoofika kwa mtu mmoja, mshukiwa wa kwanza ni kinga ya mwili yenyewe, iliyogeuka askari anayempiga mwenye nyumba.

Tabia hiyo hutembea katika koo. Kwenye kromosomu ya 6 kuna jeni zinazosaidia kinga kutofautisha cha mwili na cha kigeni. Jeni hizo zina sura nyingi, na baadhi ya sura hukutwa zaidi kwa wenye maradhi kama haya. Wengi walio nazo hawaugui kamwe. Kinachorithiwa ni hatari, na vichocheo vingine huhitajika. Jeni za Kennedy hazikupimwa, kwa hiyo hoja ya Mandel inategemea kumbukumbu za tiba na ukoo. Dada yake Eunice, mwanzilishi wa michezo ya Special Olympics, naye aliugua Addison. Alifariki Agosti 2009, majuma matatu kabla ya makala ya Mandel kuchapishwa.