Pierre Flourens: Daktari aliyewatumia njiwa kuupima ubongo mdogo

Mwanzoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Franz Joseph Gall aliwaaminisha watu wengi barani Ulaya kwamba tabia ya mtu hujulikana kwa kupapasa fuvu lake. Ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa usawa wa kisogo, yeye aliupa kazi ya hamu ya kuzaana. Imani hiyo ikageuka biashara. Nchini Marekani walikuwapo waajiri waliodai cheti cha msoma vichwa kabla ya kumpa mtu kazi.

Aliyeipinga kwa ushahidi ni Mfaransa Pierre Flourens. Alizaliwa mwaka 1794 katika kijiji cha Maureilhan, kusini mwa Ufaransa, akahitimu udaktari Montpellier akiwa na miaka 19. Baadaye alihamia Paris, ambako mwanasayansi mashuhuri Georges Cuvier alimshika mkono.

Flourens hakupapasa fuvu, alilifungua. Aliondoa ubongo mdogo wa njiwa tabaka baada ya tabaka, huku akimtazama ndege. Mwanzoni njiwa aliyumba kidogo. Kadiri tabaka zilivyozidi kuondolewa, alipepesuka kama mlevi, na mwishowe hakuweza kuruka, kutembea wala kusimama. Hata hivyo, bado aliona na kusikia. Akitishiwa pigo, alijaribu kulikwepa, mwili ukakataa kumtii. Katika kitabu chake cha mwaka 1824, Flourens alieleza kuwa kazi ya ubongo mdogo ni kuupanga mwendo, na kwamba kusikia hakuutegemei.

Kisha akaligeukia sikio. Alipokata mifereji ya nusu duara iliyo ndani yake, njiwa alitikisa kichwa bila kukoma lakini akaendelea kusikia. Hivyo ikadhihirika kwamba sikio lina kazi nyingine zaidi ya kusikia.

Wanyama hao walipasuliwa bila ganzi, kwani dawa za usingizi hazikuwa zimeanza kutumika. Mwaka 1847 Flourens mwenyewe alionyesha kuwa klorofomu huwalaza wanyama, miezi michache kabla ya James Simpson kuitumia kwa wagonjwa huko Edinburgh.

Heshima zilimfuata. Mwaka 1840 alimshinda mwandishi Victor Hugo katika kuwania kiti cha Akademia ya Ufaransa, na mwaka 1842 akachapa kitabu cha kuwapinga wasoma vichwa. Lakini naye alivuka mpaka wa ushahidi wake, akidai kwamba ubongo mkubwa hufanya kazi kama kitu kimoja kisichogawanyika. Mwaka 1861 Paul Broca alionyesha kuwa usemi una sehemu yake maalumu. Flourens alifariki dunia mwaka 1867.

Kuhusu sauti, jibu kamili lilisubiri vipimo vya umeme. Mwaka 1944, Wamarekani Ray Snider na Averill Stowell walieleza kwamba paka waliolazwa kwa dawa wakisikilizishwa mlio mfupi, mawimbi ya umeme huonekana katikati ya ubongo mdogo. Eneo hilo hupokea pia habari za macho, na likichochewa kwa umeme, macho ya mnyama husogea.

Ugunduzi huo haukuivunja kazi ya Flourens. Mnyama anaweza kusikia bila ubongo mdogo, ila sauti hufika huko pia, mahali ambapo mwendo hupangwa.