Vanbrugh: Msanifu aliyefungiwa lango la kasri alilolijenga

SHUKRANI ya punda, husema wahenga, ni mateke. Mwaka 1725 Sir John Vanbrugh, aliyekuwa na umri wa miaka 61, alifika na mkewe katika kasri la Blenheim, karibu na mji wa Oxford, Uingereza. Mabawabu walikuwa wamekwisha kuamrishwa wasimruhusu kuingia, ilhali ramani ya kasri hilo ilitoka mikononi mwake.

Vanbrugh alizaliwa London mwaka 1664 na hakusomea ujenzi. Alikuwa mwanajeshi, na mwaka 1688 alikamatwa Ufaransa, akakaa kifungoni kwa zaidi ya miaka minne. Sehemu ya mwisho ya kifungo aliitumikia katika ngome ya Bastille, Paris. Aliporejea kwao aligeukia tamthilia, na mwaka 1696 mchezo wake, The Relapse, ukampa jina.

Mnamo 1699, kabaila Charles Howard alimwomba amchoree jumba huko Yorkshire. Mwandishi huyo, ambaye hakuwa amejenga hata kibanda, akabuni Castle Howard, lenye kuba kubwa juu ya ukumbi. Hesabu na michoro alisaidiwa na Nicholas Hawksmoor, mwanafunzi wa msanifu mashuhuri Christopher Wren.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha Blenheim. Mwaka 1704 Jemedari John Churchill, kabaila wa Marlborough, aliwashinda Wafaransa katika vita vya Blenheim, nchini Ujerumani. Malkia Anne akamtunuku ardhi ya Woodstock na kuahidi kasri litakalojengwa kwa fedha za serikali. Msingi uliwekwa Juni 1705.

Vanbrugh alilipanga jengo kama jukwaa. Jumba kuu liko katikati, ua wa majiko upande mmoja na ua wa mazizi ya farasi upande wa pili, na mabawa yanasonga mbele kumlaki mgeni. Ukumbi wa kuingilia una kimo cha mita 20 hivi. Miongoni mwa sanamu za mawe yumo simba wa Uingereza akimrarua jogoo, nembo ya Ufaransa.

Lakini Sarah, mkewe jemedari, alitaka nyumba ya kuishi, si mnara wa ukumbusho. Tangu mwanzo alimpendelea Wren, na kila jiwe alilitilia shaka ya gharama. Mwaka 1709 Vanbrugh alisihi magofu ya jumba la kale la wafalme wa Woodstock yahifadhiwe kwa ajili ya historia yake. Bi Sarah hakusikia, hatimaye yakabomolewa.

Kiini cha balaa kilikuwa ahadi ya malkia, ambayo haikuandikwa bayana ni nani angelipa na kiasi gani. Sarah alipokosana na malkia, hazina ilifunga mkono. Mwaka 1712 kazi ikasimama na mafundi wakabaki wakidai ujira wao. Anne alifariki 1714, jemedari akaanza kulipa kutoka mfukoni, na mabishano yakaishia mahakamani.

Novemba 1716, akiwa amechoshwa na shutuma za Sarah, Vanbrugh alijiuzulu. Kazi iliendelea bila yeye. Malimbikizo ya ujira wake aliyapata mwaka 1725 kwa msaada wa Waziri Mkuu Robert Walpole. Aliaga dunia Machi 26, 1726, miezi michache tu baada ya kufungiwa lango.

Winston Churchill alizaliwa katika kasri hilo mwaka 1874, na mwaka 1987 Unesco ililiorodhesha kuwa turathi ya dunia. Leo yeyote mwenye tikiti hupita pale alipozuiwa aliyelibuni. Nao waashi waliochonga mawe yake wanatukumbusha kwamba ahadi ya mkubwa, isipoandikwa, mzigo wake humwangukia fundi.