Martin wa Tours na Nusu ya Joho

Katika shule yetu hakuna mkondo usiokuwa na Martin. Ukiliita jina hilo bwaloni, vichwa vitatu vinageuka kwa pamoja, na kimoja ni changu. Wengi hudhani jina hili lilianza na Martin Luther. La hasha! Luther alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku ya ukumbusho wa mtakatifu mmoja, na wazazi wake wakampa jina la siku hiyo. Hebu basi niwasimulie habari za huyo mwenye siku, Martin wa Tours, ambaye Wakatoliki wetu wengi humwita Martino.

Alizaliwa Sabaria, mji ulio katika nchi ambayo siku hizi ni Hungaria. Wataalamu bado wanavutana juu ya mwaka: wengine husema 316, wengine 336. Babake alikuwa afisa katika jeshi la Kirumi na hakuwa Mkristo. Mtoto akalelewa Pavia, Italia. Alipotimiza miaka 10 alijipeleka kanisani mwenyewe, bila ya ridhaa ya wazazi, akaomba afundishwe dini. Mzee hakupendezwa hata kidogo. Sheria ilidai wana wa askari wastaafu waingie jeshini, na ni baba huyo huyo aliyemtoa mwanawe kwa wakuu. Kijana wa miaka 15 akakamatwa, akatiwa minyororo, akaapishwa. Hebu fikiria, rika la wenzetu wa kidato cha kwanza!

Haya tunayajua kwa sababu Sulpicius Severus, mfuasi wake, aliandika maisha yake hali Martin mwenyewe angali hai. Anatuambia kuwa askari huyo alikuwa na mtumishi mmoja tu, na kwamba mara nyingi bwana ndiye aliyemvua mtumishi viatu akavisafisha.

Sasa tufike Amiens, kaskazini mwa Galia, yaani Ufaransa ya leo. Ilikuwa majira ya baridi, na si baridi yetu hii ya Julai ya kuvaa sweta mbili. Watu walikuwa wakifa. Langoni mwa mji Martin alimkuta maskini aliye nusu uchi, na wapita njia wote wakimpita kama jiwe. Martin naye hakuwa na kitu, maana nguo nyingine alikwisha kuzigawa. Alibaki na silaha na joho lake la kijeshi. Akafuta upanga, akalikata joho katikati, nusu akampa maskini, nusu akajitanda mwenyewe. Waliokuwapo wengine walimcheka kwa jinsi alivyoonekana kichekesho na kile kipande. Usiku ule akaota ndoto: Kristo amevaa ile nusu, akiwaeleza malaika ni nani aliyemvika. Martin akaenda kubatizwa, akiwa na miaka 18.

Mnaona picha nyingi zikimchora juu ya farasi mzuri. Farasi huyo aliongezwa na wachoraji. Sulpicius hamtaji kabisa. Na wale wanaouliza kwa nini hakutoa joho zima, mimi huwajibu kuwa angelitoa zima, langoni pangekuwa na mtu mmoja wa kuganda badala ya mwingine.

Baadaye, huko Worms, wakati Kaisari Julian alipokuwa akiwagawia askari zawadi kabla ya vita, Martin alikataa yake akaomba kuondoka jeshini ili amtumikie Mungu. Akaambiwa ni mwoga. Akajitolea kusimama mstari wa mbele kesho yake bila ngao wala upanga. Wakamfungia ili ahadi hiyo itimizwe, lakini kulipokucha adui akaleta wajumbe wa amani. Ama kweli bahati ya mtu haipingwi! Akaenda kwa Askofu Hilary wa Poitiers, na mnamo mwaka 361 akaanzisha Ligugé makao ya watawa, miongoni mwa ya kwanza kabisa katika Galia.

Uaskofu ulimjia kwa hila. Kiti cha Tours kilipokuwa wazi, mnamo mwaka 371, watu wa mji walijua kuwa ukimwomba atakataa. Basi raia mmoja akamwendea, akapiga magoti, akadai mkewe ni mgonjwa na anahitaji maombi. Martin akatoka, kumbe njiani umati umejificha! Akachukuliwa hadi mjini chini ya ulinzi. Hadithi ya kwamba alijificha kwenye kundi la mabata bukini nao wakamsaliti kwa kelele ilizuka baadaye sana. Maaskofu kadhaa walimpinga, ati nywele hazijachanwa na nguo ni chafu. Wananchi hawakujali. Naye hata alipokuwa askofu aliishi katika kibanda cha mbao, nje ya mji, pamoja na wafuasi wapatao 80, mahali palipokuja kuitwa Marmoutier.

Joho ndilo linalokumbukwa. Kwangu mimi, hata hivyo, mtihani wake mkubwa ulikuwa Trier, katika Ujerumani ya leo. Priscillian, askofu wa Ávila huko Uhispania, alishtakiwa na maaskofu wenzake, akiwemo Ithacius, kuwa ni mzushi na mchawi. Kesi ikapelekwa kwa mtawala Maximus. Martin hakuyakubali mafundisho ya Priscillian. Lakini alimsihi Maximus asimwage damu, kwani kumfukuza mtu kanisani kulitosha. Ithacius akamgeuzia kibao akamwita mzushi yeye pia. Maximus akaahidi, Martin alipokwisha kuondoka, ahadi ikayeyuka. Priscillian na baadhi ya wenzake wakakatwa vichwa, mwaka 385 hivi.

Martin aliporudi Trier alikuta maofisa wako tayari kutumwa Uhispania kuwasaka wafuasi waliobaki. Yeye hakutaka kushiriki ibada na kundi la Ithacius, mikono yao ikiwa na damu. Mtawala akamwekea sharti: ashiriki nao, au msako uendelee. Jamani, hapo ungefanya nini? Martin akashiriki mara moja, msako ukafutwa, na kesho yake akaondoka akiwa na huzuni kuu. Alikiri baadaye kuwa nguvu zake za kuponya zilipungua tangu siku ile, na hadi kufa hakuhudhuria tena mkutano wowote wa maaskofu.

Alifariki Candes tarehe 8 Novemba 397. Watu wa Poitiers na wa Tours wakagombania maiti. Usiku wa Poitiers wakalala fofofo. Wale wa Tours wakaipitisha dirishani, wakaipakia mashuani na kuipeleka kwao kwa Mto Loire. Akazikwa tarehe 11.

Wafalme wa Wafaranki walilitunza joho lake, wakaapia juu yake na kulibeba vitani. Kwa Kilatini joho hilo liliitwa cappa, na pahali pa kulihifadhi pakaitwa cappella. Ndipo Waingereza walipopata chapel, neno tunalolitumia kila Jumapili bila kujua kuwa tunataja nguo ya askari. Hata vita vikuu vya kwanza, vilivyowameza wapagazi wetu wengi wa Kariokor, vilisimama Ulaya siku yake, 11 Novemba 1918.

Kaburi lenyewe halikuachwa lipumzike. Mwaka 1562 Waprotestanti wa Ufaransa waliyachoma mabaki yake, na baada ya Mapinduzi kanisa kubwa likabomolewa, barabara ikapitishwa juu yake. Mwaka 1860 wachimbaji walilipata kaburi chini ya nyumba za watu. Kanisa jipya, dogo kuliko la zamani, likajengwa hapo, na minara miwili ya lile la kale ingali imesimama mjini, kila mmoja peke yake, barabara ikipita kati yake.