LÁSZLÓ BÍRÓ: MAISHA YALIYOPIMWA KWA WINO

Ni nadra sana kwa sisi wanafunzi wa lugha kuitafakari kalamu yenyewe. Hutafakari kilichoandikwa, aliyeandika na aliyeandikiwa, ilhali chombo kilichoyabeba mawazo hayo kutoka akilini hadi karatasini hukumbukwa pale tu kinapogoma katikati ya mtihani. Makala haya yananuia kuyamulika maisha ya László József Bíró, mtu ambaye jina lake la ukoo limegeuka nomino ya kawaida vinywani mwetu. Tunaposema biro, wengi wetu hatujui kwamba tunamtaja mtu. Wanaomfahamu nao humsifu kwa gololi ndogo iliyo kwenye ncha ya kalamu. Hoja ya makala haya ni kwamba gololi haikuwa kitendawili kikubwa. Kitendawili kilichomkosesha usingizi na kumla mali kilikuwa wino.

Bíró alizaliwa tarehe 29 Septemba 1899 jijini Budapest, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Babake alikuwa daktari wa meno. Ujanani mwake Bíró hakutulia katika kazi moja. Alisomea udaktari akauacha, akajishughulisha na uchoraji, akabuni gia ya magari inayojibadilisha yenyewe, na hatimaye akaingia katika uandishi wa habari. Huko ndiko alikokutana na tatizo lililomwandama maisha yake yote. Kalamu za wakati huo zilijazwa wino mwepesi kama maji. Zilichafua vidole, zilidondosha matone, na maandishi yake yalichelewa kukauka. Hata hivyo, wino uliotumika katika mitambo ya kuchapishia magazeti ulikauka haraka. Bíró akajiuliza kwa nini mwandishi asiutumie wino huo.

Jibu lilijitokeza mara alipoujaribu. Wino wa mitambo ulikuwa mzito mno, nao haukukubali kuteremka katika ncha ya kalamu ya kawaida. Ndipo alipoligeukia wazo la gololi inayozunguka ndani ya kikombe kidogo: upande wake wa ndani huoga wino, na upande wa nje huupaka karatasini. Wazo hilo halikuwa geni. Mmarekani John Loud alikuwa amepata hataza ya kalamu ya aina hiyo mnamo 1888, akikusudia kuweka alama kwenye ngozi. Kalamu yake haikufaa kuandikia barua, na hataza hiyo haikumletea faida. Kwa hivyo gololi ilikuwepo miaka kumi na mmoja kabla ya Bíró kuzaliwa. Kilichokosekana ni wino wa kuifaa.

Akishirikiana na nduguye György, aliyekuwa na ujuzi wa kemia, Bíró alianza kuunda kalamu moja moja na kuzijaribu. Mizani waliyoitafuta ilikuwa finyu ajabu. Wino ukiwa mwepesi, ulipenya kando ya gololi na kuacha madoa. Ukiwa mzito, mstari ulikatikakatika. Joto lilipoulainisha, ulivuja. Baridi ilipouganda, ulikwama. Aidha, kikombe cha gololi kilihitaji kuchongwa kwa usahihi mkubwa, kwani nafasi ikizidi kidogo wino humwagika, na ikipungua gololi haizunguki. Mnamo 1938 Bíró aliisajili hataza ya kalamu yake, ingawa bado haikuwa ya kutegemewa.

Mwaka huohuo, siasa iliingilia maabara. Mwezi Mei, serikali ya Hungaria ilipitisha sheria ya kwanza kati ya sheria zilizowabana Wayahudi katika ajira na biashara. Bíró akaihama nchi yake na kuelekea Paris. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo, akiwa hotelini nchini Yugoslavia, mzee mmoja alimwona akiandika kwa kalamu ile ya ajabu, akavutiwa na kumkaribisha Ajentina. Mzee huyo alikuwa Agustín Pedro Justo, aliyeiongoza Ajentina kuanzia 1932 hadi 1938. Vita vilipoikaribia Ufaransa, mwaliko huo uligeuka mlango wa wokovu. Mapema katika miaka ya 1940 Bíró alikuwa ameshafika Buenos Aires. Ni vyema kukumbuka alichokiepuka: kati ya Mei na Julai 1944, Wayahudi zaidi ya 400,000 walisafirishwa kutoka Hungaria, wengi wao wakipelekwa Auschwitz kuuawa.

Ugenini, Bíró na nduguye waliungana na rafiki yao Juan Jorge Meyne, na tarehe 10 Juni 1943 wakawasilisha ombi la hataza mpya. Kalamu yao iliitwa Birome, jina lililounganisha Bíró na Meyne, na mpaka leo Waajentina huiita kalamu ya gololi hivyo. Kalamu za mwanzo zilitegemea uzito wa wino kujiteremsha wenyewe, hivyo mwandishi alilazimika kuishika kalamu wima kama mshumaa. Akiilaza kidogo, wino ulikata. Bíró akabadilisha mbinu. Aliutia wino katika mrija mwembamba, ili wembamba wenyewe uushike wino usimwagike na kuusogeza taratibu kuelekea kwenye gololi. Uingereza ilivutiwa, kwa kuwa kalamu za kawaida zilivuja ndege zilipopaa juu sana. Kalamu zipatazo 30,000 ziliagizwa kwa ajili ya jeshi lake la anga.

Hata hivyo, mchumia juani si kila mara hulia kivulini. Kila alipohitaji fedha za kuendeleza majaribio, Bíró aliuza sehemu ya haki zake. Nchini Marekani, kampuni za Eversharp na Eberhard Faber zilinunua haki ya kuitengeneza kalamu hiyo. Kabla hazijaiuza, mfanyabiashara Milton Reynolds, aliyeiona kalamu ya Bíró huko Buenos Aires, aliharakisha kutoa yake. Ili kuikwepa hataza, alirudia mbinu ya kuuacha wino uteremke kwa uzito wake. Tarehe 29 Oktoba 1945, duka la Gimbels jijini New York liliiuza kwa dola 12.50, na takriban kalamu 10,000 zikanunuliwa siku hiyo moja. Haraka haraka haina baraka. Kalamu zilivuja, zikaruka maneno, zikachafua mifuko ya mashati, na wanunuzi wengi wakazirudisha. Hata Eversharp haikuepuka malalamiko. Miaka michache baadaye kalamu iliyokuwa ya kifahari iliuzwa kwa chini ya dola moja, na watu wengi wakarejelea kalamu zao za zamani.

Imani hiyo ilirejeshwa na wengine. Mnamo 1949 wino mpya uliokauka upesi ulitokea Marekani, na Desemba 1950 Mfaransa Marcel Bich, aliyenunua haki za Bíró, alitoa Bic Cristal, kalamu ya bei nafuu iliyochongwa kwa usahihi. Utajiri ukawa wa Bich. Bíró aliendelea kuishi na kubuni vitu Buenos Aires, alikofariki tarehe 24 Oktoba 1985. Ajentina huiadhimisha siku yake ya kuzaliwa kuwa Siku ya Wavumbuzi.

Kisa hiki kina funzo kwa mafundi wanaochonga kalamu kwa mikono yao, iwe kwa mpingo au kwa pembe. Mwili wa kalamu huwa kazi ya fundi, ila mrija wa wino hununuliwa tayari kutoka kiwandani. Mrija ukigoma, mnunuzi humlaumu fundi. Busara ni kuchonga mwili unaofunguka na kuupokea mrija wa kipimo cha kawaida kinachopatikana madukani, kuujaribu mrija kabla ya kuiuza kalamu, na kutouacha mahali penye joto kali. Mti huweza kudumu vizazi. Wino hauna umri huo.

Kwa kuhitimisha, Bíró hakufa tajiri kwa kiasi ambacho kalamu yake iliwatajirisha wengine, wala si yeye aliyeukamilisha wino wa kalamu hiyo. Lakini ndiye aliyetambua kwamba swali la kalamu ni swali la wino, akalishikilia kutoka Budapest hadi Paris na kutoka Paris hadi Buenos Aires, akiwa mkimbizi. Sisi tunaoishi kwa kuandika tunamwia shukrani, angalau ya kulijua jina tunalolitaja kila tunapoazimana biro.