Alexander Fleming: aliyevumbua penisilini, akatuonya juu ya kuitumia ovyo

Katika farmasia yoyote ya Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, hukosi kukuta amoksisilini. Dawa hiyo ni ya ukoo wa penisilini, na ukoo huo ulianza na kazi ya mtoto wa mkulima wa Uskoti, Alexander Fleming.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, karibu na mji mdogo wa Darvel. Akiwa na miaka 7 alibaki yatima wa baba. Alipokuwa kijana alienda London, akafanya kazi miaka 4 katika ofisi ya meli. Kisha alipata urithi kidogo wa kifamilia, akaingia masomo ya udaktari kwenye hospitali ya St Mary's. Huko ndiko alikofanya kazi karibu maisha yake yote.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alihudumia askari waliojeruhiwa kule Ufaransa. Aliona wengi wanakufa si juu ya risasi yenyewe, bali juu ya kidonda kuoza. Zile dawa kali za kumwagia ndani ya vidonda ziliua chembe za damu zinazotulinda, na mikrobe ikabaki chini kabisa.

Mwezi wa Septemba 1928 alirudi kutoka likizo. Katika sahani moja ya kuoteshea mikrobe aliona ukungu umeota, sawa ule wa mkate uliokaa siku nyingi. Kumbe kando ya ukungu mikrobe ilikuwa imekufa! Maji ya ukungu huo akayaita penisilini. Leo tunajua namna inavyofanya kazi: mikrobe ya bakteria ina ukuta unaoizunguka, na penisilini inazuia ujenzi wa ukuta huo, basi mikrobe inapasuka. Chembe za mwili wetu hazina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo zinapona.

Lakini Fleming alishindwa kuisafisha dawa na kuipata kwa wingi. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao. Mwaka wa 1941 walimtibu polisi mmoja aliyekuwa hoi. Akaanza kupata nafuu, ila dawa ikaisha mbele ya kupona, naye akafariki. Baadaye Marekani na Uingereza zilitengeneza nyingi sana, hata kuokoa majeruhi wa vita ya pili. Mwaka wa 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa pamoja tuzo ya Nobel.

Kule Stockholm, Disemba mwaka huo, Fleming alitoa mfano. Mwanaume anaumwa koo, anajinunulia penisilini, anameza kidogo tu. Mikrobe haifi, inajifunza kuizoea dawa. Anamwambukiza bibi yake, bibi anashikwa na ugonjwa wa mapafu, dawa inashindwa, anakufa.

Mfano huo ni wa zamani, lakini ni wetu. Nani hajaona mtu akinunua vidonge viwili vya ampi ao tetra juu ya mafua? Mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Tena kila ukoo una madhara yake. Penisilini inaweza kuleta upele, kuhara, na kwa wengine kuvimba koo na kukosa pumzi hadi kufa. Tetrasaiklini inachafua meno ya watoto wadogo. Gentamisini ikizidi inaumiza masikio na figo. Siprofloksasini inaweza kuumiza mishipa inayofunga misuli kwenye mifupa.

Fleming alifariki London tarehe 11 Machi 1955, akazikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Mpendwa msomaji, mbele ya kununua antibiotiki pita kwanza kwenye kituo cha afya. Kama dawa fulani iliwahi kukuletea upele ao kukuvimbisha, mwambie muuguzi. Na ukiandikiwa, fuata kipimo na siku zote ulizoandikiwa, wala usimgawie jirani.