Mohamed Amin: kamera begani, mzigo kichwani

Ukimwona mpiga picha kwenye harusi au mkutano wa siasa, ni rahisi kudhani kazi yake ni kubonyeza tu. Maisha ya Mohamed Amin, Mkenya aliyefahamika zaidi kwa jina la Mo, yanaonyesha mengine.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Baba yake alifanya kazi reli, familia ikahamia Dar es Salaam, na huko ndiko Mo alikoanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Miaka michache baadaye kamera ilimpeleka gerezani Zanzibar, alikozuiliwa kwa wiki kadhaa.

Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katikati ya Nairobi. Amin alifika haraka, akaingia kwenye gari la wagonjwa na kuendelea kurekodi. Hebu fikiria hali ile. Siku hizo reli ndogo ya filamu iliisha kabla ya dakika tatu. Kila sekunde alilazimika kuamua apige au aache, mwanga unatosha au hautoshi, asogee au awapishe wanaohangaika kumwokoa mtu. Na mbele yake mtu anakufa. Huzuni ilibidi isubiri, maana mkono ukitetemeka picha imeharibika, na tukio halirudiwi. Wapo waliomwona mpiga picha wa namna hii kuwa hana moyo. Kwa maoni yangu wanakosea: moyo alikuwa nao, ila saa ile hakuwa na nafasi ya kuusikiliza.

Mzigo mzito zaidi ulikuja Oktoba 1984, huko Korem na Makale, kaskazini mwa Ethiopia. Maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika wakisubiri chakula, na wengine walikuwa wakifa mbele yake. Amin hakuwa na chakula cha kuwagawia, alikuwa na kamera. Picha zake, zilizosimuliwa na Michael Buerk wa BBC, zilionyeshwa katika vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani. Michango ikamiminika, na Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid. Yeye alirudi kazini.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, fundi wa sauti John Mathai, aliuawa, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Mtu mwingine angestaafu, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia akajifunza upya kushika kamera, safari hii akijua vizuri tukio moja linaweza kuchukua nini.

Novemba 23, 1996, alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu watatu waliiteka. Mafuta yaliisha na ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazija, Comoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa. Abiria walionusurika walieleza kwamba Amin alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji. Alikuwa na miaka 53. Camerapix ilibaki mikononi mwa mwanawe, Salim.